Bila Kuacha Kazi

Kazi yangu ya kwanza mjini Masasi ilikuwa kupiga taipu kwenye kibanda cha bati nyuma ya soko, na kazi ndefu kuliko zote zilizopita mikononi mwangu ni mpango wa shule ambayo haikufunguliwa. Sisi tuliiita shule tu. Jina lake lenyewe lilijaza mstari mzima: shahada ya uzamili ya kilimo, afya na maji kwa watu walio kazini. Mimi niliyekuwa nikiligonga jina hilo nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sizitaji mbele ya wageni. Haikunizuia. Kila nilipofika kwenye neno shahada nilijiona nimevaa joho, kofia imekaa upande, natoka uwanjani na marehemu mama yangu ananipigia vigelegele.

Mwenye mpango alikuwa mjomba wangu. Kwetu, huko juu Newala, mjomba si mtu wa kuja sikukuu na kuondoka. Mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akiugua, akifeli, akiposwa. Nilipofeli hakunigombeza. Alinilipia mafunzo ya taipu, akanitafutia ile kazi, akasema vidole havifanyi mtihani wa hesabu. Alikuwa bwana shamba wa Kitangari, mwenye digrii moja aliyoifuata Morogoro ujanani, pikipiki ya serikali, na koti la mvua alilolivaa hata kiangazi kwa ajili ya vumbi.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Zamani salfa ya kupulizia mikorosho ilikuja kwa mkono wa ushirika, na aliyeileta ndiye aliyeeleza namna ya kuitumia. Ruksa ilipofika ikaanza kuja kwa malori ya wafanyabiashara, ikakaa dukani kando ya sukari na mafuta ya taa, mara nyingine imeshafunguliwa na kupimwa kwenye vifuko visivyo na maandishi. Watu wakaogopa. Mjomba akazunguka vijijini kuwatoa hofu. Nilikuwa shule ya msingi siku aliyofika kijijini kwetu. Alisimama mbele ya ofisi ya kata, akachota ile poda ya njano kwa kidole, akailamba. Akasema hii ni dawa ya mti, mtu haimfanyi kitu. Watu wakacheka, na mama yangu akacheka kuliko wote, kwa kuwa aliyelamba alikuwa mdogo wake.

Mama alipuliza salfa kila mwaka. Hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, maana poda hushika kwenye umande. Alikuwa akirudi na mashine mgongoni, kitenge kimefungwa puani, nyusi za njano kama mtu aliyejipaka liwa. Tulimwita bibi harusi. Kisha macho yakawa mekundu, kisha kikaja kifua. Alikohoa msimu mmoja, akakohoa na uliofuata, mwisho tukamteremsha Masasi hospitali.

Pale wodini ndipo shule ilipoanzia, ingawa hakuna aliyejua. Sista aliyekuwa zamu, mwanamke wa Kimakua, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, alimuuliza Mjomba mgonjwa anavuta nini. Mjomba akasema havuti. Sista akasema basi ni poda yako hiyo, bwana shamba. Mjomba akajibu kwamba katika vitabu vyake salfa imeandikwa inavyoua ukungu wa majani, haikuandikwa inavyokaa kifuani mwa mtu, labda tuangalie maji. Maana huko juu hatuna mito. Tunavuna mvua kutoka kwenye bati na kuishusha kwenye kisima cha saruji uani, na mvua za kwanza zikinyesha utaona utando wa njano juu ya maji. Akaitwa fundi wa maji kutoka Chiungutwa, akaja na baiskeli, akayatazama yale maji juani kwenye chupa ya soda. Akasema yeye anaweza kuyajua maji ya chumvi na maji ya tope. Yakishaingia tumboni au kifuani, muulizeni Sista.

Swali likawa limezunguka na kurudi pale lilipotoka, na mama yangu yuko katikati yake, anakohoa. Alikufa kabla ya mvua.

Baada ya arobaini Mjomba alinikalisha kwenye jamvi, akaongea nami kama mtu mzima mwenzake. Alisema, "Mpwa wangu, nilimuua dada yangu au sikumuua? Nataka kujua tu. Nikijua nimemuua, nitaishi nalo. Kutojua ndiko nisikokuweza."

Aliwahi kupewa nafasi ya kwenda kusoma zaidi, mbali, akaikataa. Serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na aliyeacha kiti chake siku zile alirudi akakuta hata meza haipo. Tena akiondoka yeye, nani atawaambia watu wafunge pua? Akaanza kuwaza shule itakayomfuata mtu kazini. Isiwe ya kilimo peke yake, wala ya uuguzi peke yake. Bwana shamba, nesi na fundi wa maji wasimame shamba moja alfajiri moja, kila mmoja ajifunze theluthi anazokosa. Akamwendea Sista, akamwendea fundi. Wakakubali. Sista alikuwa na stashahada tu, akauliza kama ataruhusiwa kuingia. Mjomba akasema mlango wa wenye stashahada utawekwa, yeye ndiye seremala.

Walikutana kwangu Jumamosi mchana, soko likishapungua. Mimi nilipika chai kwenye jiko la mkaa, nikapiga taipu yale waliyokubaliana, nikafuta na kupiga tena waliyobadilisha. Ubishi wao sitausahau. Mjomba Mmakonde na Sista Mmakua, watani, na utani wa huku hauna breki. Fundi wa maji alikuwa Myao, naye mtani, lakini mtu wa maneno machache. Alitia neno moja moja kama mtu anayepima chumvi.

Kikao kigumu kilikuwa cha kalenda. Mjomba alichora mwaka kwa chaki kwenye sakafu ya kibanda, duara kubwa lililopita chini ya kiti changu, akaanza kufuta miezi ambayo watu hawawezi kusoma. Miezi ya salfa, bwana shamba hashikiki. Miezi ya jando na unyago, ofisi hazina mtu, kila ukoo una mtoto wa kumcheza. Msimu wa korosho, kila mtu yuko kwenye mizani. Mvua zikija, watu wanalima, na barabara ya Rufiji inakatika, mhadhiri atokee wapi. Alipomaliza, sakafu ilikuwa imejaa alama za kufutwa. Sista akainama, akatazama, akasema, "Mtani, shule yako imebaki na Jumapili ya Pasaka. Na hiyo mimi nina zamu."

Tulicheka hadi mwenye duka la pili akachungulia. Lakini Mjomba aliinuka na lile duara machoni. Akasema tumekosea kuanzia mwanzo. Tunaitoa kazi ipishe shule, wakati kazi yenyewe ndiyo ya kusomwa. Miezi ya salfa wasome salfa, mvua za kwanza wasome visima, msimu wa korosho wasome vifua vya wanaokusanya. Mhadhiri asipoweza kuja, sauti yake ije kwenye kaseti, watu wasikilize kwa redio ya betri. Mtihani uwe tatizo la kijiji kimoja, na wa fani tatu walitatue pamoja. Fundi wa maji akasema hapo sawa. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Mjomba akaniambia niandike kwenye ukurasa wa mbele, chini ya jina: bila kuacha kazi. Maneno hayo niliyapiga mara nyingi hata vidole vikayajua peke yake. Nilimuuliza kama na mimi siku moja nitaingia. Akasema nitakuwa msajili, nitakaa kwenye meza yenye kitambaa na kuwakatalia watu wenye digrii. Nilifurahi wiki nzima. Nilishachagua na rangi ya kitambaa.

Mpango ulipita mikono kadhaa, ukamfikia mzungu mmoja wa shirika lililokuwa likitafuta mahali pa kuweka fedha za elimu. Akaja mwenyewe. Alikuwa mpole, amekonda, na Kiswahili chake cha darasani kilikuwa safi kuliko changu. Alipanda na Mjomba hadi Kitangari, akaona visima, akaona mashine za kupulizia, akakaa na wajane wawili akawasikiliza mpaka mwisho. Aliporudi Masasi alikuwa amekubali, ilionekana usoni. Tulikaa kikao cha mwisho katika chumba cha ofisi ya kilimo. Mimi nilileta chai na maandazi, nikaketi karibu na dirisha na karatasi zangu.

Mgeni akauliza ni nani atakayeongoza shule na kushika fedha. Fundi wa maji akamwelekezea Mjomba kidevu. Hapo Sista akaweka kikombe chini. Niliona mashavu yake yakijaa, nikajua linakuja.

"Huyu?" akasema. "Mmakonde huyu? Mpeni shule leo, kesho kaichonga kinyago, kauza."

Mjomba hakumwacha aanguke peke yake. "Na huyu Mmakua mkimpa stoo," akasema, "mtarudi mkute umebaki ufunguo."

Sisi wote tukacheka, na Mjomba alicheka huku anapigapiga meza, maana vile ndivyo watu wa huku wanavyomwonyesha mgeni kwamba hapa pana udugu. Wasioaminiana huitana bwana na bibi. Mgeni akaandika kitu. Akauliza taratibu kama kuna tatizo kati yao. Sista akasema tatizo ni kubwa, anangoja tu Mmakonde huyu afe amzike vizuri. Tukacheka tena. Mgeni hakucheka. Niliona hivyo, nikafikiri amechoka na safari. Hakuna aliyemweleza. Nani anamweleza mtu mzima kwamba mvua inalowesha?

Jibu lilikuja kwa simu. Mjomba aliitwa posta, nikaenda naye, nikasimama mlangoni mwa kile kibanda cha simu chenye kioo cha ufa. Nilisikia upande mmoja tu.

"Hapana. Hapana, ule ni utani. Utani, bwana. Ni heshima." Akasikiliza. "Ndiyo, alisema nitauza. Lakini ni ndugu yangu yule." Akasikiliza tena, kipande cha kamba ya simu kimezunguka kidole chake. "Nimekuelewa. Hapana, usijali. Salamu nyumbani."

Alipotoka alinieleza tukiwa tunatembea. Mgeni alikuwa ameandika alichosikia. Wakubwa zake wakasema watu wanaoitana wezi mbele ya mgeni hawawezi kukabidhiwa shule, fedha zikaenda kwingine. Sasa hata angeelewa, zilishaondoka. Alikuwa ameomba radhi.

"Kiswahili anakijua chote," Mjomba akasema. "Chote kabisa."

Tukaenda moja kwa moja hospitali. Sista alikuwa uani ananawa mikono kwenye beseni. Mjomba alijitahidi kulileta jambo kwa mlango wa nyuma, akasema mtani, kinyago kimeshanunuliwa. Sista akaanza kucheka, akamtazama, akaacha. Ikabidi aambiwe lote. Alibaki ameinama na mikono ndani ya maji, povu likimwishia vidoleni. Alisema neno moja tu: "Mimi?"

Mjomba akamwambia si yeye, ni sote, hata mpwa aliyekuwa dirishani alicheka. Sista hakuinua uso.

Tangu siku ile akawa anamsalimu Mjomba kwa adabu. Habari za kazi, bwana shamba. Nyumbani hawajambo? Mjomba alimchokoza kila alipomkuta, akamtukania ukoo wake wote wa Kimakua, akamwambia matumbo yake ni stoo. Alijibiwa ndiyo, bwana shamba. Kwa watani adabu ni msiba. Nilimwona mara moja anatoka kwa Sista, koti la mvua begani, mwendo wa mtu aliyekwenda kuchota maji akakuta kisima kimekauka.

Hakuacha. Alinipa kupiga barua nyingine kwa ofisi nyingine, na alfajiri za salfa alikwenda mashambani na kitambaa cheupe, akawapa watu wapengee kamasi humo, akatazama rangi. Hakujua atazame nini zaidi. Alikunja vile vitambaa akavihifadhi kwenye debe, akisema shule itakapoanza vitapata mtu wa kuvisoma.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja kwa hasira. Mjomba akapata homa. Zahanati iliyokuwa karibu ilikuwa imeishiwa dawa, na gari la kukodi la kumteremsha Masasi lilizama kwenye tope pale mteremko wa uwanda wa juu unapoanza. Wakamshusha wakamlaza kwenye majani ya mkorosho, chini ya koti lake mwenyewe, wakati watu wanasukuma. Gari lilipotoka kwenye tope, yeye alikuwa ameshaondoka. Malaria. Kifo cha kila mtu. Mungu anisamehe, siku ile nilitamani angalau angekufa kwa salfa, tungekuwa na jibu.

Tulimzika Kitangari. Watani walikuwa wengi, maana alitaniwa na nusu ya wilaya mbili. Kijana mmoja wa Kiyao alivaa lile koti la mvua kumwigiza marehemu, kama watani wafanyavyo msibani, akaendesha pikipiki ya upepo kuzunguka waombolezaji, akasimama kila baada ya hatua kulamba kidole na kusema haimfanyi mtu kitu. Watu walicheka wakilia. Mimi nililia tu.

Sista alifika asubuhi na gari la mizigo, amevaa magwanda yake meupe, nadhani alitoka zamu bila kupita kwake. Alikaa na wanawake, akala alichopewa, akanyamaza. Kila mtu alimngoja. Mmakua mwenye mdomo ule, mtani wake wa kwanza, asiposema kitu maiti itaondoka kama ya mgeni. Niliona wazee wanamtazama kisha wanatazama chini.

Jeneza lilipoinuliwa kutoka ndani, Sista akanyanyuka, akaenda akajilaza mlangoni, mzima mzima, kwenye udongo uliolowa mvua. Wabebaji wakasimama. Ndiyo desturi, mtani huziba njia mpaka apozwe. Watu wakatupa sarafu karibu yake. Akazisukuma kwa kiganja. Wakatupa tena, akasukuma tena. Kisha akajiinua akaketi, akaligeukia jeneza, na ile sauti ya ng'ambo ya bonde ikarudi.

"Mmakonde mwongo wewe. Tulikubaliana utasoma bila kuacha kazi. Karatasi zipo, mpwa wako huyu hapa alizipiga taipu. Watu wazima, mtazameni. Kazi ameacha, na shule hajasoma."

Kicheko kilipasuka uani, kikubwa, cha watu waliokuwa wamekishika tangu asubuhi. Hata katekista aligeuza uso. Sista hakucheka. Alibaki ameketi pale pale wakati kicheko kinaisha, na bado hapishi. Wabebaji walianza kubadilisha mabega. Fundi wa maji akamwendea, akamwambia kwa upole, mtani, mpishe.

Sista alinitafuta mimi kwa macho. "Aliuliza kitu," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Aliniuliza na mimi. Nampishaje bila jibu?"

Nilipiga magoti kwenye tope, nikamshika mkono. "Na mimi sijui, Sista," nikasema. "Mpishe apite."

Akajivuta pembeni. Upande mmoja wa magwanda yake ulikuwa mwekundu kwa udongo, na hakuupangusa njia yote ya makaburini.

Bado napiga taipu. Bado naota joho, sikufichi, na mara nyingine kwenye ndoto nimekaa kwenye ile meza yenye kitambaa. Nakala ya mpango iko nyumbani kwa Mjomba, Kitangari, pamoja na lile debe la vitambaa. Miezi ya salfa ikifika napanda huko juu kusaidia ndugu. Alfajiri wanawake wanapita na mashine mgongoni, na kwa kuwa nimekaa mjini na kupiga karatasi za wasomi, wanadhani najua. Nawaambia wafunge pua, kitambaa mara mbili, na maji ya mvua ya kwanza wayamwage. Wananiuliza kwani hii salfa ina nini.

Nawaambia bado tunasoma.